Mbona mbio zinakwama? Acha kumtazama aliyeshika mpira

Swali limetoka kwa msomaji wa Columbus, Ohio:

"Mwalimu, jambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, nina miaka tisa hapa Columbus. Mpira huu wa Kimarekani nilifundishwa na kijana wangu. Sasa ana miaka 15 na ni mkimbiaji katika timu ya shule yake. Tarehe 30 Novemba 2024 tulikaa pamoja tukaangalia Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, ikifungwa na Michigan 13–10, hapahapa nyumbani. Tulikuwa na wakimbiaji wawili wanaojulikana nchi nzima, na karibu kila wakipewa mpira wanaangushwa palepale. Kijana anasema wakimbiaji walizembea. Mimi nasema kocha alikuwa na kichwa kigumu. Halafu Januari watu walewale wakachukua ubingwa wa taifa, tena wakikimbia vizuri! Nani kati yetu yuko sawa? Timu yenye vipaji vyote hivi inakosaje kupata yadi mbili?"

Papa, pole kwa siku ile, najua ilivyouma mji mzima. Nimefundisha wachezaji wa ukuta wa mbele katika timu za shule za sekondari kwa miaka 12, kwa hiyo nikiangalia mechi huwa nawatazama wale watano wanene ambao karibu hawagusi mpira mchana kutwa, ukimtoa yule anayeuanzisha. Jibu langu linaanzia kwao. Kijana wako amekosea. Wewe umekaribia, ila hiyo lawama ya kocha inataka kuelezwa vizuri, maana kichwa kigumu peke yake hakitoshi kueleza yadi 77.

Ndiyo, 77. Ohio State walikimbia mara 26 siku ile wakapata yadi 77, karibu yadi tatu kwa kila jaribio. Michigan walipata 172. Na walioshindwa si watu wa kubahatisha: TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, ambao kila mmoja alivuka yadi 1,000 msimu huohuo na wote wawili wakachukuliwa raundi ya pili katika usajili uliofuata wa NFL, ligi ya kulipwa. Watu wa namna hiyo hawasahau kukimbia kwa siku moja.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mbio zote, yaani kila unapokimbia na mpira badala ya kuurusha, ni hesabu. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Kotabeki, yule anayeamua mpira urushwe au ukabidhiwe, akishamkabidhi mkimbiaji mpira na kusimama akiangalia, hao wawili hawamzibi mtu yeyote, yaani hawamzuii mpinzani kwa mwili. Wamebaki tisa wa kuziba. Upande wa pili wako 11. Tisa wakiziba tisa, wapinzani wawili wamebaki huru, na mmoja wao akifika kwa wakati, mkimbiaji yuko chini. Kazi yote ya mfumo wa ushambuliaji, uwe wa zamani au wa kisasa, ni kuwatafutia kazi hao wawili. Mmoja kwa kawaida unamweka mbali kwa kumtishia na pasi ndefu, akae nyuma kabisa akilinda. Huyo wa pili ndiye anayewakosesha makocha usingizi.

Sasa punguza hesabu hiyo uilete karibu na mpira. Kuna eneo tunaloliita boksi: upana wake ni wa ukuta wa mbele pamoja na hatua moja au mbili kila upande, na kina chake ni kama yadi sita au saba ndani ya wapinzani. Kabla mpira haujaanzishwa, hesabu wapinzani walioingia humo. Ukiwa na watu watano wa ukuta na mmoja wa kuwasaidia, una wazibaji sita. Wapinzani wakiwa sita, kimbia. Wakiwa saba, kuna mpokeaji wako huko pembeni aliyebaki na mlinzi mmoja tu bila msaada, na hapo unapaswa kurusha. Mpinzani hawezi kuwa na watu wengi kila mahali. Hii ndiyo imani iliyo chini ya mifumo karibu yote ya vyuo vikuu leo, ile inayotawanya wapokeaji upana mzima wa uwanja.

Vyuo vimeipeleka mbali zaidi kuliko ligi ya kulipwa, na sheria zao zinawasaidia. Kuna jaribio ambalo watu wa fani huliita kwa herufi tatu, RPO: ukuta unaziba kana kwamba ni mbio, kotabeki anamtazama lainibeka mmoja tu, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya ukuta wa wapinzani, na akimwona anakimbilia ndani kumzuia mkimbiaji, anauchomoa mpira na kuurusha mahali lainibeka huyo alipotoka. Shida ni kwamba wachezaji wa ukuta hawaruhusiwi kusogea mbele sana kabla pasi haijarushwa. NFL inawaruhusu yadi moja. Vyuoni wanaruhusiwa yadi tatu. Hizo mbili za ziada zinaonekana ndogo, lakini zinampa kotabeki pumzi moja zaidi ya kuamua, na lainibeka anabaki njia panda.

Kwa hiyo ungetegemea kwamba Ohio State, yenye wapokeaji kama Jeremiah Smith na Emeka Egbuka, ingekuta boksi tupu siku nzima, na kwamba hilo lingetosha. Hapo ndipo Michigan walipoipindua hesabu. Katikati ya ulinzi wao walikuwa na Mason Graham na Kenneth Grant, huyo wa pili akiwa na kilo 150 hivi. Wote wawili walichukuliwa raundi ya kwanza ya usajili wa NFL mwaka 2025, Graham akiwa wa tano katika nchi nzima. Mtu wa aina hiyo humzibi peke yako. Unahitaji watu wawili kwa mmoja. Wako wawili, wamekula wazibaji wanne. Sasa rudi kwenye hesabu yako ya sita kwa sita: wazibaji wanne wameshikwa na watu wawili, wamebaki wazibaji wawili kwa wapinzani wanne. Boksi lilionekana tupu lakini halikuwa tupu. Michigan waliweza kuwaacha walinzi wao nyuma wakimchunga Smith, na bado mwanya wa katikati ukazibwa.

Papa, hili ndilo jambo ambalo televisheni haikuonyeshi. Kamera inaufuata mpira. Unaona Henderson anaingia mwanyani na lainibeka anamdaka, basi unadhani Henderson ni mzito au lainibeka ni hodari. Ukirudia picha ukamtazama senta, yule wa katikati ya ukuta anayeuanzisha mpira, unaona kwamba nusu sekunde kabla ya hapo senta alikuwa amesukumwa hatua moja nyuma, akamgonga gadi, jirani yake ukutani, aliyekuwa njiani kumfuata lainibeka huyo. Lainibeka hakufanya ajabu lolote. Hakuna aliyemfikia.

Na senta wa siku ile hakuwa senta wa kawaida wa Ohio State. Hapa inabidi turudi nyuma wiki saba. Tarehe 12 Oktoba, kwenye mechi waliyofungwa na Oregon 32–31, Josh Simmons aliumia goti, msimu ukaishia hapo. Yeye alikuwa nguzo ya kushoto. Mimi vijana wangu wa ncha mbili za ukuta nawaita nguzo, kwa sababu ukuta ukipoteza nguzo hauanguki mara moja, unaanza kuinama. Walimhamisha Donovan Jackson kutoka nafasi ya gadi akashika nguzo, maana yake sasa mahali pawili pamebadilika. Novemba, siku chache kabla ya mechi na Indiana, Seth McLaughlin, senta, akakatika kano ya kisigino mazoezini. Mwezi uliofuata akapewa Rimington, tuzo ya senta bora wa vyuo vyote. Carson Hinzman akahamia pale katikati. Hesabu mwenyewe: kutoka ukuta wa Septemba hadi ukuta uliokutana na Graham na Grant, nafasi tatu kati ya tano zilikuwa na mtu mwingine.

Mtu asiyecheza ukuta atasema, "Si wamemleta mwingine mzuri tu?" Nimezaliwa Tanga. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiwatazama wavuvi wakivuta juya ufukweni, mistari miwili ya watu, wakiimba ili wavute kwa pamoja. Akiingia mgeni mwenye nguvu kuliko wote lakini hajaushika wimbo, anavuta peke yake, kamba inalegea kwa wenzake, na juya linainama upande mmoja samaki wakitoka. Ukuta wa mbele ni vivyo hivyo. Senta na gadi wanapokwenda wawili kwa mmoja, wanatakiwa waguse bega kwa bega, wamsukume mtu mzito kwa hatua mbili, kisha mmoja wao, na lazima wote wawili wajue ni nani, amwachie mwenzake na kupanda kumfuata lainibeka. Akiondoka mapema, mzito anapenya. Akichelewa, lainibeka ameshafika. Muda wa uamuzi huo haufiki sekunde moja, na hakuna neno linalosemwa. Unajulikana kwa kugusana bega na bega, na unafundishwa kwa maelfu ya marudio na mtu yuleyule pembeni yako.

Marudio hayo yamekuwa haba vyuoni. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, humo zikiwemo mazoezi, mikutano na mazoezi ya nguvu. Na tangu mwaka 2021 wachezaji walipoanza kuruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, kuta nyingi ni za watu waliokutana Januari. McLaughlin mwenyewe alitoka Alabama. Judkins alitoka Ole Miss. Kotabeki, Will Howard, alitoka Kansas State. Siwalaumu vijana kuhama, ni haki yao, na wengine wanahama kwa sababu nzuri kabisa. Lakini mpokeaji mgeni anaweza kung'ara wiki ya kwanza. Ukuta wa wageni unahitaji muda, na muda haununuliki. Ndiyo maana kila Septemba unaona timu tajiri zikirusha mpira vizuri na kukwama kwenye mbio.

Sasa nirudi kwa kocha. Kosa lililoniuma halikuwa kukimbia. Kosa lilikuwa mahali pa kukimbilia. Mbio ziko za aina mbili kubwa. Kuna za zoni, ambapo ukuta mzima unachukua hatua upande mmoja, kila mtu anamziba aliyeko katika njia yake, na mkimbiaji anausoma mwanya utakaojitokeza. Na kuna za mwanya uliochaguliwa tangu mwanzo, ambapo gadi mmoja au wawili wanatoka nafasi zao, wanavuka nyuma ya ukuta na kwenda kumgonga mtu upande wa pili. Zoni zenyewe ziko za ndani na za upana. Ukikutana na watu wazito wa katikati usioweza kuwasukuma, zoni pana inawalazimisha kukimbia kwa pembeni, na kilo 150 zinachoka kwa kukimbia pembeni. Vilevile unaweza kutumia umbo la uwanja. Mistari miwili mifupi inayoamua mpira unaanzia wapi imeachana futi 40 vyuoni, lakini katika NFL ni kama futi 18 na nusu tu. Kwa hiyo mpira wa chuo mara nyingi unaanzia karibu na ukingo mmoja, na upande wa pili una eneo pana kabisa, uwanja kama wa farasi. Ohio State waliendelea kurudi katikati, penye Graham na Grant, kana kwamba jambo linalothibitishwa ni uanaume. Na wapokeaji wao walikuwa wanakabiliana na Michigan iliyomkosa Will Johnson, mlinzi wake bora wa pembeni. Hapo Papa uko sawa, na ungemwambia kijana wako hivyo bila woga.

Lakini kuna sababu ya kibinadamu inayomfanya kocha aendelee kugonga ukuta. Mapema mwezi huohuo, tarehe 2 Novemba, Ohio State walikuwa ugenini Penn State wakiongoza 20–13. Wakawazuia wenyeji mlangoni kabisa, wakaupata mpira karibu na mstari wao wa mwisho, dakika tano na ushee zimebaki. Wakakimbia, wakakimbia tena, na Penn State hawakuuona mpira tena hadi kipenga cha mwisho. Mtu aliyeona hilo kwa macho yake anaamini kwamba ukuta wake unaweza. Ila siku ile McLaughlin alikuwa bado senta.

Nikuongezee jambo moja la takwimu, maana linawapotosha wengi. Vyuoni, kotabeki akiangushwa kabla hajarusha pasi, yadi alizopoteza zinatolewa kwenye hesabu ya mbio. NFL inazitoa kwenye hesabu ya pasi. Kwa hiyo ukisoma kwamba timu ya chuo "imekimbia yadi 60," usitangulie kumlaumu mkimbiaji. Kama kotabeki aliangushwa mara tano, huenda yadi 35 zimepotelea huko, na mbio za kweli zilikuwa 95. Kila Jumatatu naona watu wakigombana mtandaoni kwa namba ambayo hawajaifungua ndani.

Na wastani nao unadanganya. Yadi tatu si mbaya siku zote, wala nne si nzuri siku zote. Timu hupewa majaribio manne ya kupata yadi kumi, na kipimo tunachotumia ni hiki: jaribio la kwanza limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likipata asilimia 70, la tatu na la nne lazima vipatikane vyote. Yadi tano kwenye jaribio la kwanza ni kazi nzuri sana. Yadi tano zilezile kwenye jaribio la tatu lenye yadi nane ni hasara. Mkimbiaji anayepata nne, tano, tatu, nne anakupitisha uwanja mzima. Anayepata sifuri, moja, sifuri, kisha 30, ana wastani mzuri kuliko huyo na timu yake huenda imeshapiga mpira kuurudisha kwa wapinzani.

Huenda unajiuliza kama kuna timu iliyomaliza tatizo la yule mpinzani wa pili aliyebaki huru. Zipo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumfanya kotabeki mwenyewe awe mkimbiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rich Rodriguez, akifundisha chuo kidogo cha Glenville State kule West Virginia, alianza kutumia kitu ambacho leo kila shule ya sekondari inacho: mwache mpinzani mmoja wa pembeni bila kumziba kabisa, na kotabeki amsome. Akimfuata mkimbiaji, kotabeki anabaki na mpira na kukimbia mahali alipotoka. Akikaa, mkimbiaji anapewa. Mpinzani mmoja ameondolewa mchezoni na hakuna aliyemgusa.

Njia ya pili ni ya jeshi. Chuo cha kijeshi cha Army, West Point, hakiwezi kupata watu wa kilo 150, kwa sababu wanafunzi wake wanatakiwa kuwa maofisa na afya zao zinapimwa. Lakini mwaka 2024 waliongoza nchi nzima kwa mbio, takriban yadi 300 kwa mechi, na wakachukua ubingwa wa ligi yao. Kotabeki wao, Bryson Daily, alifunga tachidauni 32 kwa miguu yake, yaani aliufikisha mpira eneo la mwisho mara 32. Wanatumia mbio zinazowasoma wapinzani, wanaziba kwa pembe badala ya uso kwa uso, na wanarudia mambo machache tangu Agosti hadi Desemba. Ukubwa si kila kitu, Papa. Pembe na marudio vinaweza kuushinda.

Sitaki kukuficha gharama yake. Army walipokutana na Notre Dame mwezi Novemba walifungwa 49–14. Timu ya kukimbia tu ikishaachwa nyuma haina njia ya haraka ya kurudi. Saa inakuwa adui yake. Notre Dame wenyewe walilionja hilo Januari.

Ndiyo hiyo fainali ya tarehe 20 Januari 2025, Atlanta, unayoniuliza. Notre Dame walianza kwa safari moja ya majaribio 18, karibu dakika 10 nzima, kotabeki wao Riley Leonard akikimbia yeye mwenyewe tena na tena hadi akafunga. Ilikuwa hesabu tupu: kotabeki anakimbia, mpinzani wa ziada hayupo. Mimi nilisimama. Kisha Ohio State wakarekebisha, wakafunga, wakafunga tena, ikawa 31–7 katika robo ya tatu, na mbio za Notre Dame zikafa. Hazikufa kwa sababu mtu alisahau kuziba. Zilikufa kwa sababu ubao wa matokeo uliwalazimisha kurusha.

Na Ohio State walibadilisha nini baada ya Michigan? Si mkimbiaji, na ukuta haukupata watu wapya kutoka mbinguni. Simmons na McLaughlin walikuwa bado majeruhi. Walichobadilisha ni mpangilio wa vitisho. Dhidi ya Tennessee tarehe 21 Desemba walianza kwa kurusha, mbali na bila woga, kwa Smith na wenzake. Wakashinda 42–17. Dhidi ya Oregon kwenye Rose Bowl wakafika 34–0 kabla wapinzani hawajapata pointi, na Henderson akakimbia yadi 66 hadi tachidauni. Walinzi wa nyuma wakiogopa Smith, wanarudi hatua tatu. Wakirudi hatua tatu, Henderson akipenya mwanya wa kwanza hakuna mtu wa pili wa kumngoja. Siku ya fainali Judkins alikimbia mara 11 akapata yadi 100, na moja kati ya hizo 11 ilikuwa ya yadi 70. Ni mkimbiaji yuleyule, kwa miguu ileile, na ukuta ule uliotiwa viraka, ambao kufikia Januari ulikuwa umeshapata wiki saba nane za kuimba pamoja.

Kwa hiyo nikipima: ukuta uliobadilika nafasi tatu, watu wawili wa Michigan wanaokula wazibaji wanne, na kocha aliyechagua kugonga mahali palepale badala ya kuwatishia kwanza kwa pasi. Ningeigawa lawama katika mpangilio huo.

Kijana wako asinikasirikie. Mkimbiaji naye ana sehemu yake, ila si uzembe. Kosa la kawaida la wakimbiaji ni haraka. Katika zoni, mwanya haupo wakati unapopokea mpira, unafunguka hatua mbili baadaye. Akikimbia kwa kasi yote tangu mwanzo anafika mlangoni kabla mlango haujafunguliwa, anamgonga gadi wake mgongoni. Na mkimbiaji ambaye ameangushwa mara tano mfululizo ndiye anayepata haraka hiyo. Anaanza kuukimbia ukuta wake mwenyewe, anatoka pembeni kutafuta yadi 40 wakati nne zilikuwa zinamngoja ndani. Hilo linaonekana kama uzembe kwenye kochi la nyumbani. Ni hofu ya kukosa.

Umeniambia unatoka Kongo, basi nikupe jina ambalo kijana wako pengine halijui. Tarehe 25 Novemba 1995, Ohio State walikwenda Michigan bila kufungwa mechi yoyote, wakishika nafasi ya pili nchini, na mkimbiaji wao Eddie George alikuwa wiki mbili tu mbali na kupewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Siku ile aliyetawala ni mkimbiaji wa Michigan: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia Quebec, Kanada. Alibeba mpira mara 37, akapata yadi 313. Michigan wakashinda 31–23 na msimu wa Ohio State ukaharibika. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa nane katika NFL, na Carolina. Hapa Columbus wazee bado wanalikumbuka jina hilo, na wengi hawawezi kulitamka. Wewe utalitamka vizuri.

Tafuta picha za mechi hiyo muiangalie pamoja. Mara ya kwanza mwache kijana amtazame Biakabutuka, ni haki yake. Mara ya pili msimamishe picha kila mara kabla ya mpira kuanzishwa, muhesabu watu waliomo kwenye boksi, kisha mchague gadi mmoja wa Michigan mumfuate yeye tu hadi mtu aanguke. Fanyeni hivyo kwa majaribio kumi. Mtaona katika yadi za kwanza za Biakabutuka mara nyingi hakuna mkono uliomgusa, na mtawaona waliozilipia. Jumatatu mazoezini mwambie kijana amnunulie senta wake chakula cha mchana.